Nani Ashike Mizani?

Ukiwa Shinyanga, jina la Kambarage Nyerere huliepuki. Lipo kwenye kata, lipo kwenye uwanja wa mpira, na watu wakianza kuwataja wakubwa walioijenga nchi hii, huanzia hapo hapo. Lakini uliza ni nani hasa aliyebadili maisha ya ukanda huu, kutoka Shinyanga mjini, Mwadui na Kahama hadi Geita, Nyarugusu na Lwamgasa, na wazungumzaji watagawanyika mafungu. Wako watakaomtaja mgunduzi wa almasi. Wako watakaotaja ushirika wa pamba. Wachimbaji watakutajia karasha, mashine ya kusagia mawe, kabla hawajataja jina la mtu yeyote.

Mjadala huo nimeusikia kwa sura nyingi, na hapa naupanga katika sauti nne. Mwalimu ni mstaafu aliyefundisha historia. Mjiolojia ni kijana anayepima miamba kwa ajili ya wachimbaji wadogo. Fundi ana karasha na matangi ya kuchenjulia. Mama ni mwanakikundi wa wanawake wanaoosha dhahabu mwaloni. Sauti ya tano ni yangu, na sitajifanya sina upande.

MJIOLOJIA: Naomba nianze, wakubwa zangu. Kama tunatafuta mtu aliyeigeuza Shinyanga, huyo ni John Williamson. Alikuwa Mkanada, msomi wa jiolojia kutoka Chuo Kikuu cha McGill. Alizunguka Tanganyika akitafuta almasi huku fedha zikimwishia na malaria ikimrudia, mpaka mwezi Machi 1940 alipoipata Mwadui. Watu hupenda kusimulia kwamba alibahatika tu. Bahati ilikuwepo, sikatai, lakini ilimkuta mtu aliyekwisha kujifunza kuutambua mwamba wa kimbalaiti unaobeba almasi. Eneo la mwamba ule ni hekta 146, kubwa kuliko karibu yote iliyowahi kuchimbwa duniani. Ng'ombe wetu walilishwa juu yake vizazi na vizazi. Aliyejua kilichokuwa chini ni yeye.

Na hata pamba mnayoisifia kila siku, ingefika wapi bila Eli Whitney na mashine yake ya kuchambua pamba ya mwaka 1793? Na dhahabu? Mwaka 1887, mjini Glasgow, John Stewart MacArthur akishirikiana na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest aligundua jinsi ya kuiyeyusha dhahabu kwa sayanaidi kutoka kwenye mawe yaliyosagwa. Fundi hapa anatumia ugunduzi huo kila wiki. Mapinduzi bila wavumbuzi ni hotuba.

MWALIMU: Mwanangu, hao uliowataja hukukosea. Ila ulipofika kwa Whitney umesimama njiani. Mashine yake ilirahisisha kuchambua, kwa hiyo wenye mashamba wa kusini mwa Marekani wakapanda pamba nyingi zaidi, wakataka mikono mingi zaidi ya kuivuna, na utumwa ukatanuka. Chombo ni kile kile. Kilichoamua nani anufaike ni mambo mengine kabisa.

Sasa rudi Mwadui. Oktoba 1947 pale ilipatikana almasi ya rangi ya waridi, karati 54.5. Williamson akampa Binti Mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi yake. Ilipochongwa London ikabaki karati 23.6, na mwaka 1953 Cartier wakaitia katikati ya ua la kubandika kifuani. Ulimwengu mzima wa mapambo unaijua almasi hiyo. Waliochimba udongo ilimotoka, wewe unawajua?

Lakini mimi simsemi Williamson kwa ubaya. Miaka hiyo hiyo ya 1940, katika ofisi za Mwadui, alifanya kazi kijana mmoja aliyezaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma. Jina lake Paul Bomani. Akatoka pale akaenda Mwanza, akawa mtendaji wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika. Na huko ndiko yalikoanza mabadiliko ninayoyatetea mimi.

Mkulima wa pamba wa Usukuma wakati ule alikuwa anapeleka mzigo wake kwa mnunuzi mwenye leseni. Mizani ni ya mnunuzi, karani ni wa mnunuzi, na namba inayoandikwa kitabuni inasomwa na mnunuzi. Mkulima anasimama upande wa pili akiangalia. Kila kijiji kilikuwa na malalamiko ya kupunjwa. Bomani na wenzake hawakuanza kwa kudai Uhuru, wala kwa kudai viwanda. Walianza kwa kuweka wapimaji wao wenyewe. Mkulima akaujua uzito wa pamba yake kabla haujapita kwenye mkono wa mnunuzi. Hebu mwazie mtu huyo anavyosimama mbele ya mizani siku hiyo, akiwa na namba yake kichwani.

Kutoka kwenye upimaji huo vikazaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wao wa kanda nzima, Victoria Federation of Co-operative Unions. Ukafikia kumiliki viwanda vya kuchambua pamba, na kabla ya Uhuru karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilikuwa inapita mikononi mwake. Kumbuka pia kwamba kuanzia 1954 mpaka 1958 serikali ya kikoloni ilikuwa imeipiga TANU, chama kilichodai Uhuru, marufuku Usukuma. Ushirika haukupigwa marufuku. Watu wakajifunza kuitisha mkutano, kuchagua viongozi, kusoma hesabu na kuuliza maswali ndani ya chama cha pamba. Geita walipolikataa baraza la wilaya la rangi zote mwaka 1958, maelfu wakaandamana, hao hawakuwa watu waliolala jana wakaamka na ujasiri asubuhi. Walikuwa wamekwisha kuzoea kuhesabu na kudai.

Hapa namkatiza Mwalimu kidogo, maana jambo lake linavuka mipaka ya Usukuma. Mwaka 1844 katika mji wa Rochdale, Uingereza, mafundi na wafumaji 28, watu wa viwandani waliochoka kuuziwa unga uliochanganywa na kupimiwa pungufu, walifungua duka lao. Vyama vya ushirika duniani huwataja hao kama waasisi. Katikati ya zama za mvuke na reli, wanyonge walibuni kitu kisicho na gurudumu wala boila, nacho kimesafiri mbali kuliko injini nyingi za wakati ule. Bomani na wenzake wanastahili kuwekwa katika ukoo huo, na inaniuma kwamba vijana wengi wa Kanda ya Ziwa wanaijua hadithi ya almasi ya waridi kuliko hadithi ya wapimaji wa pamba.

FUNDI: Shikamoo Mwalimu. Nimekusikiliza na nimekuheshimu, lakini umesimulia nusu. Baba yangu alilima pamba. Alichokumbuka yeye kuhusu ushirika ni kusubiri malipo msimu mpaka msimu, na karani wa chama, mtoto wa kijiji chetu, akiminya uzito kama walivyominya wafanyabiashara. Mwaka 1966 tume ya Rais ilivichunguza vyama hivyo, na ilikuta uozo. Mwaka 1976 serikali ikaifuta miungano yote ya ushirika, ikairudisha kwa sheria ya 1982. Sasa huo ndio uvumbuzi wa kujivunia?

Mimi naiamini mashine kwa sababu haina ujomba. Zamani mchimbaji mdogo alikuwa anatwanga mawe kwa kinu na nyundo kutwa nzima, wanawake na watoto ndio waliomaliza mikono yao kwa kazi hiyo. Karasha likaja. Unaweka mbale, yaani mawe ya dhahabu, gololi za chuma zinazunguka, unatoa unga. Kazi ya wiki inakuwa kazi ya saa. Halafu yakaja matangi ya sayanaidi, kitu ambacho zamani tulidhani ni cha migodi ya wazungu tu. Mtu aliyeishia darasa la saba Nyarugusu leo anajua kupima chokaa, anajua kuweka kaboni, anajua lini ipelekwe elusheni, kwenye mtambo wa kuitoa dhahabu kwenye kaboni. Hayo ni mapinduzi, Mwalimu, na hayakuletwa na mkutano wowote.

MWALIMU: Kuhusu karani umenishika. Sina la kuficha.

Hoja ya Fundi kuhusu karani ndiyo iliyonifanya mimi mwandishi niiangalie upya hadithi yote. Mizani iliyo mikononi mwa karani wa chama haina utakatifu kuliko iliyokuwa kwa mnunuzi. Nguvu ya miaka ile ya mwanzo ilitokana na kuwepo kwa mizani ya pili: mnunuzi anapima, na mkulima naye amepima. Chama kilipokua mpaka kikawa mnunuzi pekee, mizani ya pili ikaondoka, na pamoja nayo ikaondoka hofu ya kuumbuliwa. Mtu mwema akipewa kipimo peke yake bila wa kumhakiki, kesho hatuna uhakika naye. Kwa hiyo namtetea Bomani wa wapimaji zaidi ya Bomani wa muungano mkubwa, ingawa najua yeye mwenyewe, aliyekuja kuwa Waziri wa Fedha mwaka 1962, huenda angejivunia ule muungano.

MAMA: Mimi naona mnaongea mambo ya pamba kama vile yamepita. Njooni mwaloni. Fundi, nisamehe, nitasema.

FUNDI: Sema tu, mayu.

MAMA: Mchimbaji ameshuka duarani, yaani shimoni, ametoa mawe. Mawe yanagawanywa kwa mifuko. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, wachimbaji wanagawana linalobaki. Sisi wanawake kwa miiko ya watu hatushuki, kwa hiyo tunanunua mifuko, au tunaokota vifusi, au tunalipwa kuosha. Mfuko wangu naupeleka kwenye karasha. Unasagwa, unakuwa unga. Unga unamiminwa na maji kwenye mbao iliyotandikwa magunia. Kilicho kizito kinanasa kwenye magunia, kinakung'utwa kwenye beseni, kinatiwa zebaki. Tunavuruga kwa mikono. Zebaki inashika dhahabu, tunakamua kwa kitambaa, linabaki donge, linachomwa. Moshi huo tumeuvuta miaka, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Mwisho napata pointi tatu, pointi nne za gramu, siku njema gramu moja.

Je, ule unga uliopita juu ya magunia ukaenda zake shimoni? Yale ni marudio. Marudio ni ya mwenye karasha. Ndiyo desturi. Nimesagiwa, nimelipia au sikulipia, marudio yanabaki pale. Na zebaki haiokoti dhahabu yote. Mjiolojia, sema wewe uliyesoma.

MJIOLOJIA: Ni kweli. Kwa mawe mengi ya huku, zebaki inaiacha sehemu kubwa ya dhahabu ndani ya marudio, hasa ile iliyo laini sana au iliyofungwa ndani ya chembe za mwamba. Mara nyingi kinachobaki ni kingi kuliko kilichotoka. Sayanaidi inakwenda kukichukua kile. Na niongeze jambo la afya: marudio yenye zebaki yakitiwa sayanaidi, zebaki nayo inayeyuka na kutembea na maji. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na STAMICO, shirika la madini la taifa, wana kituo cha mfano Lwamgasa cha kuonyesha uchenjuaji usiotumia zebaki. Njia nyingine inajulikana.

MAMA: Basi mmesikia. Mashine haina ujomba, lakini ina mwenyewe. Mimi naondoka na pointi nne nikishukuru Mungu, na gramu zangu nyingine zinabaki kwenye shimo la mtu. Wala sisemi Fundi ni mwizi. Nasema yeye anapima marudio yake kabla hajayatia kwenye tangi. Anajua tani moja ina gramu ngapi. Mimi sijawahi kuambiwa.

Maneno haya ya Mama ndiyo kiini cha makala hii, nami nayaunga mkono waziwazi. Uvumbuzi wa Glasgow wa 1887 umefika Nyarugusu ukiwa mzima kabisa, kemia yake yote. Wapimaji wa Mwanza wa miaka ya 1950 hawajafika. Kati ya mchimbaji na karasha hakuna mizani ya pili.

MJIOLOJIA: Na taifa lilikutwa na jambo hilo hilo. Mnakumbuka makinikia? Mchanga wa shaba na dhahabu kutoka Bulyanhulu na Buzwagi ulikuwa unapakiwa kwenye makontena kwenda kuyeyushwa nje ya nchi. Machi 2017 Rais Magufuli akazuia usafirishaji, makontena 277 yakakaguliwa bandarini Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikasema imekuta wastani wa gramu 1,400 za dhahabu kwa tani, mara kadhaa ya kilichokuwa kinatajwa. Kampuni ya Acacia, iliyomiliki migodi hiyo, ikakataa matokeo hayo. Mwisho wa ugomvi, Barrick, waliokuwa na hisa nyingi za Acacia, wakaichukua yote mwaka 2019, ikaundwa Twiga Minerals ambayo serikali ina hisa asilimia 16, na yakakubaliwa malipo ya dola milioni 300. Kwa taaluma yangu, kilichoniumiza ni kuona pande mbili zinabishana kuhusu mchanga ule ule kwa namba ambazo hazikaribiani. Mwamba hausemi uongo, ila lazima kuwe na maabara ambayo pande zote mbili zimeikubali kabla ya ugomvi.

MWALIMU: Na gramu yenyewe tunayoigombania ni mtoto wa mapinduzi. Kabla ya 1789 wakulima wa Ufaransa walikuwa na kilio kikubwa juu ya vipimo. Kila eneo lilikuwa na chake, na bwana wa eneo ndiye aliyetunza kile cha kupimia kodi ya nafaka. Walipoandikiwa malalamiko yao kwenda Versailles, kipimo kimoja kwa wote kilikuwa mojawapo ya madai. Mfalme akaanguka, na Aprili 1795 sheria ikaweka mita, lita na gramu. Wanafunzi wangu niliwafundisha Bastille na vita vya Napoleon, na vyote hivyo vilikwisha. Gramu ipo Geita leo.

FUNDI: Ipo sokoni, na hilo mlisifie. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, la kwanza nchini. Kabla ya hapo mtu alikuwa anauza dhahabu gizani kwa broka, kwenye mizani ndogo iliyofichwa mfukoni, bei anaitaja mwenye pesa. Mwaka huo huo wakafuta VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa mchimbaji mdogo. Sasa unaingia, mizani ni ya serikali, kuna mashine inasoma usafi wa dhahabu mbele yako, bei ya siku imebandikwa, wanunuzi ni wengi. Unalipa mrabaha na tozo zinazohusika, unatoka na karatasi.

MAMA: Soko nalipenda. Nimeuza pale. Lakini soko linapima kile kilichobaki baada ya kila mtu kuchukua. Mimi naporwa kabla sijafika mlangoni.

FUNDI: Unaporwa, mayu? Neno hilo ni zito. Karasha nimelinunua kwa mkopo. Dizeli, gololi, mkanda ukikatika, fundi wa kuchomelea, yote ni yangu. Bei ya kusaga ni ndogo kwa sababu marudio yapo. Ukinitoa marudio, bei ya kusaga itapanda mara kadhaa, na wewe wa mfuko mmoja ndiye utakayeshindwa wa kwanza.

Jibu hili la Fundi lina uzito, na wanaharakati wengi huliruka. Desturi ya marudio ilizuka kwa sababu mchimbaji hana fedha taslimu ya kulipia usagaji. Analipa kwa mchanga. Tatizo ni kwamba analipa bila kujua amelipa kiasi gani, na deni lisilojulikana kiasi chake halina mwisho. Namuuliza Mjiolojia: kwa nini mfuko wa Mama usipimwe maabara kabla haujasagwa?

MJIOLOJIA: Kwa sababu sampuli ndogo ya mawe ya dhahabu hudanganya. Dhahabu ya huku mara nyingine imekaa kwa chembe nene. Ukichota mkono mmoja wenye chembe, utadhani una utajiri. Ukichota usio na chembe, utautupa mfuko wote. Marudio ndiyo ya kupimwa. Yamesagwa, yamechanganyika, chembe nene zimeshatoka. Ukichota sehemu kadhaa za lundo, ukachanganya, ukagawa mara mbili, sampuli moja ikaenda maabara na nyingine ikafungwa na kutiwa saini na pande zote, unapata namba ya kuaminika. Mtu mmoja hawezi kulipia. Kikundi kinaweza, kama mawe yao yanasagwa kwa pamoja na marudio yao yanakaa kwenye shimo lao.

MWALIMU: Huo sasa ni ushirika.

MJIOLOJIA: Ni ushirika wenye maabara, Mwalimu.

FUNDI: Mimi sina kinyongo na hilo. Kikundi kilete tani za kutosha tangi moja, siyo mifuko mitano. Marudio yapimwe, namba ijulikane. Sayanaidi, chokaa, kaboni na umeme tuchangie kwa mafungu yetu. Kitakachotoka tugawane, tukiwa tumeandikishana. Ila mtu asije akaniambia wiki ya pili kwamba anataka fungu lake kwa sababu mtoto amefukuzwa shule. Tangi likishaanza halifunguliwi.

MAMA: Gharama tutachangia. Kusubiri tunajua, tumesubiri maisha yetu yote. Lakini kaboni ikitoka kwenye tangi kwenda elusheni, wawili wetu wanapanda gari hiyo hiyo, na wanakaa kule mpaka dhahabu imwagwe na kupimwa.

FUNDI: Usiku kucha? Wanawake wawili, kwenye mtambo?

MAMA: Usiku kucha. Na mizani yetu tunakuja nayo.